Gurudumu limerudi mahali pake, mbona breki haiachii?

Pancha ilinikuta karibu na Ahero, saa saba mchana, jua la uwanda wa Kano likiwa utosini. Fundi wa kando ya barabara alikuwa mwepesi wa mkono: akachomoa gurudumu la mbele, akaziba tyubu, akajaza upepo na kurudisha kila kitu kabla sijamaliza soda yangu. Nikamlipa, tukaagana vizuri. Kufika Nyamasaria nikahisi pikipiki imekuwa nzito kana kwamba nimepakia gunia la mchele bila kujua. Nikiachia mafuta, inasimama yenyewe. Nikaegesha, nikainama, na pua ikanijibu kabla ya macho: harufu kali ya pedi zinazoungua. Tone la maji ya kunywa nililolidondosha kwenye diski, ile sahani ya chuma ambayo pedi huibana ili gurudumu lisimame, lilichemka na kupotea. (Tumia tone la maji kama mimi, usitumie kidole.)

Haukupita muda nikawa na washauri wanne kivulini, kila mmoja na dawa yake. Wa kwanza alisema mafuta ya breki yamezidi. Wa pili alitaka tufungue bolti ya paipu ili presha itoke. Wa tatu, kijana wa boda, aliuliza, "Mzee, nati ya kulegeza iko wapi?" Wa nne alishauri niendelee tu, pedi zitajilia zenyewe hadi zizoee.

Swali la yule kijana ndilo lililokaa kichwani mwangu, maana lilikuwa swali la haki. Pikipiki nyingi za boda zilizojaa Kisumu zina breki za drami, nyuma karibu zote na mbele nyingi mno. Ndani ya drami mna brekshu mbili, vile vipande vinavyotanuka na kuibana kwa ndani, na springi za kuzirudisha. Nje, mwishoni mwa waya au fimbo, mna nati. Gurudumu likibana unalegeza nati raundi mbili, safari inaendelea. Aliyekulia kwenye drami anajua breki kuwa kitu cha kukaza na kulegeza. Diski haina nati hiyo. Hujirekebisha yenyewe kadiri pedi zinavyolika, kwa hiyo ikibana hakuna pa kulegeza. Inabidi utafute kilichokwenda upande.

Pa kuanzia kutafuta panajulikana. Breki iliyokuwa nzima asubuhi, ikaanza kubana mara tu gurudumu lilipotolewa na kurudishwa, ni nadra sana kuwa imeharibika ndani ya paipu au masta silinda, ile pampu ndogo ya mkono wa breki, saa ileile. Kilichobadilika ni kile kilichoguswa. Lakini mafundi wengi hukimbilia kufungua mafuta, sehemu ambayo fundi wa pancha hakuigusa kabisa. Ukiifungua hewa inaingia, na wewe uliyekuwa na tatizo moja sasa unayo mawili.

Ili kuelewa kwa nini breki haiachii, lazima kwanza ujue huwa inaachia vipi, na hapa wengi hushangaa: hakuna springi inayovuta pedi kutoka kwenye diski. Ukishika mkono wa breki, masta silinda husukuma mafuta kupitia paipu hadi kwenye kalipa, ile sehemu inayoikumbatia diski. Mafuta husukuma pistoni, pistoni husukuma pedi. Pistoni imezungukwa na sili ya raba yenye kingo za mraba, iliyolala ndani ya mfereji wake. Pistoni inapotoka, sili haitelezi juu yake. Hupinda pamoja nayo, kama ngozi ya mkono inavyofuata kidole ukiisukuma. Ukiachia mkono, presha inaisha, raba inajinyoosha na kurudi na pistoni. Safari yote hiyo ni sehemu ya milimita. Pedi haiondoki kwenye diski, inaacha tu kuikandamiza. Pedi ikilika, pistoni huteleza mbele kidogo ndani ya sili na kupata makao mapya, na huko ndiko kujirekebisha kwenyewe.

Kwa hiyo gurudumu likikaa upande kwa unene wa kucha tu, raba ile haina nguvu wala nafasi ya kulisaidia. Na kwa sababu hiyohiyo, si kila msuguano ni ugonjwa. Diski nzima hunong'ona. Inua gurudumu la mbele, lizungushe kwa mkono, utasikia pedi zikiigusa diski kwa sauti nyepesi ya karatasi juu ya karatasi. Hiyo iache. Ugonjwa ni pale gurudumu linaposimama papo hapo kama limeshikwa na mtu, au linapogoma mahali pamoja kila mzunguko, au diski inapopata moto bila wewe kushika breki.

Nyamasaria sikuwa na vifaa. Nilisubiri ipoe, nikajikokota hadi nyumbani polepole, nikaanza kazi jioni chini ya mwembe kwa hatua ambayo ningependa kila fundi aianze nayo: kuiondoa kalipa kwenye hesabu. Fungua bolti zake mbili tu, paipu usiiguse. Itoe kwenye diski na uitundike kwa waya, isining'inie kwa paipu yake. Chomeka kipande cha ubao kati ya pedi, ili mtoto akipita na kuubana mkono wa breki pistoni zisitoke. Sasa zungusha gurudumu. Likiwa bado gumu, breki haina hatia. Umekuwa ukishtaki asiyehusika.

Kama ni gumu bila kalipa, tazama ekseli na vilivyopangwa juu yake. Kuna mtego mmoja ambao huwatesa watu kuliko hata breki zenyewe, nao ni gia ya spidomita. Kwenye pikipiki nyingi ndogo waya wa spidomita huingia kwenye kisanduku cha duara kando ya kitovu cha gurudumu la mbele. Ndani yake mna meno mawili yanayopaswa kuingia kwenye nafasi zake za kitovuni, na nje mna mwanya unaopaswa kukalia kijino cha shoki ili kisanduku chenyewe kisizunguke. Ukikirudisha bila kulenga, meno hukaa juu ya meno. Kila unapokaza nati ya ekseli, kisanduku kinabanwa na gurudumu linakuwa gumu zaidi. Ishara yake ni hiyo hasa: nati ikilegea gurudumu laini, nati ikikazwa gurudumu gumu. Usiongeze nguvu kwenye spana, maana meno yale ni mepesi kuvunjika. Legeza, zungusha kisanduku taratibu mpaka kitumbukie, ndipo ukaze.

Ishara hiyohiyo hutokea pale beringi zilipobadilishwa na bomba dogo la katikati likasahaulika mezani. Bomba hilo ndilo linalobeba nguvu ya nati. Likikosekana, nati hukandamiza beringi zenyewe. Gurudumu la namna hiyo litazunguka leo kwa shida na kuua beringi mpya ndani ya muda mfupi.

Langu lilizunguka. Lakini halikuzunguka kwa ulaini niliouzoea, na mambo madogo kama hayo ni ya kuwekwa akilini hata kama hujui bado yana maana gani.

Gurudumu likizunguka vizuri kalipa ikiwa nje, irudishe kalipa kisha piga magoti mbele ya pikipiki, jicho lako liwe sawa na ukingo wa diski. Tazama diski inavyopita ndani ya kalipa. Inapaswa kupita karibu katikati. Ikiwa imeegemea upande mmoja mpaka inakaribia kugusa chuma cha kalipa, shuku bushi. Bushi ni kile kipande kifupi cha bomba kinachokaa kati ya beringi na mguu wa shoki, na ndicho kinachoamua diski ikae wapi. Baadhi ya pikipiki zina bushi mbili za urefu tofauti, kushoto na kulia, nazo zikibadilishana gurudumu zima linahama. Nyingine zina bushi moja yenye kola, yaani ukingo uliotanuka, upande mmoja, nayo huweza kuwekwa kinyume. Kibaya ni kwamba bushi iliyokosewa haimzuii fundi kukaza nati. Kila kitu kinaingia, kila kitu kinakaza, na mteja anaondoka.

Hata bushi zikiwa sawa, miguu ya shoki inaweza kukaa upande. Pikipiki kubwa kubwa huwa na bolti za kuibana ekseli kwenye sehemu ya chini ya shoki. Mwenye haraka hukaza kila bolti anayoiona, na mguu mmoja wa shoki unabaki umevutwa ndani au nje, nao umebeba kalipa. Utaratibu wake ni mwepesi: kaza nati ya ekseli, bolti za kubana ziache zikiwa legevu, shusha pikipiki chini, shika breki ya mbele na usukume usukani kwenda chini mara nne tano, shoki zizame na kuinuka. Mguu wenyewe utateleza kwenye ekseli na kupata makao yake. Hapo ndipo ukaze bolti. Kazi ya dakika moja, na sijui kwa nini inarukwa mara nyingi hivyo.

Kama gurudumu linagoma mahali pamoja tu kila mzunguko, diski imepinda, na hapa sitamung'unya maneno. Mafundi wetu wa pancha hulaza gurudumu chini kwenye kokoto, upande wa diski ukiwa chini, kisha husimama juu ya tairi ili kulibandua kwenye rimu. Uzito wote wa mtu unakalia sahani nyembamba ya chuma. Pikipiki nyingi zimewekewa kikomo cha milimita 0.3 hivi cha diski kuyumba. Huwezi kuiona kwa macho bila kitu cha kulinganisha. Funga kipande cha waya kwenye shoki, ncha yake ikaribie diski bila kuigusa, kisha zungusha taratibu utazame mwanya ukipanuka na kusinyaa. Diski iliyopinda usiinyooshe kwa nyundo. Kabla ya kununua nyingine, ifungue uangalie kama kuna punje ya mchanga au kutu kati yake na kitovu, maana hilo nalo huiyumbisha. Na ukipata pancha tena, mwombe fundi alaze gurudumu upande wa pili, au aliweke juu ya tairi kuukuu.

Kuna kosa lingine la barabarani: mtu kushika breki gurudumu likiwa nje. Pedi hukosa diski ya kuzizuia, pistoni hutoka kuliko kawaida, na diski haiingii tena ila kwa kulazimishwa. Dawa ni kuzirudisha pistoni, ila si kwa bisibisi na hasira. Kwanza zisafishe. Sehemu ya pistoni iliyokuwa nje imepakwa vumbi la pedi na matope, na ukiirudisha hivyo unapitisha uchafu wote kwenye sili. Pistoni inaingia leo na kukwama kesho. Tumia mswaki wa zamani, maji na sabuni kidogo, kausha, kisha sukuma taratibu kwa vidole au kwa ubao. Kabla ya kusukuma fungua kifuniko cha kikopo cha mafuta juu ya usukani, uzungushie kitambaa. Mafuta yatapanda. Kama kuna aliyekuwa akiongeza kila yalipopungua, hali yalikuwa yakipungua kwa sababu pedi zimelika, yatamwagika, nayo hula rangi ya pikipiki. Yakimwagika, mwaga maji mengi mara moja. Ukimaliza kufunga, bana mkono wa breki mara nyingi mpaka uwe mgumu kabla hujapanda. Anayesahau hatua hii hugundua kwenye makutano ya kwanza kwamba hana breki.

Sasa nifike kwenye kitu kilichoniaibisha mimi. Kalipa za pikipiki nyingi ndogo zina pistoni upande mmoja tu. Pistoni inasukuma pedi ya upande wake, kisha kalipa nzima inateleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya upande wa pili. Pini hizo zikikauka au kushika kutu, kalipa inaacha kuteleza. Breki itashika, ndiyo, lakini haitaachia, na pedi moja italika kuliko mwenzake. Sasa fikiri: pini zilizokauka polepole, kalipa ikazoea kukaa mahali pamoja, nawe hukugundua kwa sababu diski nayo ilikuwa palepale miaka yote. Siku gurudumu linapotolewa na kurudi limehama kidogo tu, kalipa yenye pini laini ingelifuata. Yenye pini kavu haifuati. Fundi wa pancha analaumiwa kwa kosa ambalo nusu yake lilikuwa likikua nyumbani kwako.

Huku kwetu pini hazidumu. Udongo mweusi wa Kano, ule unaonata kama ugali wakati wa mvua, hujipakia kati ya diski na shoki, ukikauka unakuwa tofali. Tofali hilo likipasua raba ndogo zinazofunika pini, maji yanaingia na kutu inaanza. Ukiosha pini, zipake grisi maalumu ya silikoni ya breki, kidogo tu. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha raba zile na kuzikwamisha pini tena. Na isiguse pedi wala diski hata kidogo.

Ikiwa umeyapitia yote hayo na bado breki inabana, sasa una ruhusa ya kushuku presha. Gurudumu likiwa limebana hivyohivyo, fungua kidogo nati ya kutolea hewa kwenye kalipa, ukiwa umeivisha mpira mwembamba unaoishia kwenye chupa. Mafuta yakiruka na gurudumu likaachia mara moja, kulikuwa na presha iliyofungiwa. Yakidondoka tu na gurudumu likabaki limeshikwa, rudi kwenye pini na pistoni; presha haina kosa.

Kama ni presha, imefungiwa wapi? Liache gurudumu libane tena, safari hii ulegeze bolti ya paipu pale juu kwenye masta silinda. Gurudumu likiachia, njia ya kurudi imezibwa ndani ya masta. Lisipoachia pale juu lakini likaachia ukifungua kule chini, paipu ndiyo imevimba kwa ndani: mkono wako una nguvu ya kupitisha mafuta kwenda, sili ile ndogo haina nguvu ya kuyarudisha. Baada ya jaribio hili ni lazima utoe hewa, kwa hiyo usilifanye kwa udadisi.

Masta silinda ina tundu jembamba linalounganisha paipu na kikopo cha mafuta pale mkono wa breki unapokuwa umeachiwa kabisa. Mafuta yakipata joto na kutanuka, hupandia hapo. Uchafu ukiliziba, au mkono wa breki usiporudi hadi mwisho, mafuta yanayotanuka yanakosa pa kwenda, hivyo yanasukuma pedi. Pedi zinazidi kusugua, joto linapanda, mafuta yanazidi kutanuka. Ndiyo maana breki ya namna hii huwa nzima asubuhi na kufunga gurudumu baada ya mteremko wa Kiboswa kuja Mamboleo, kisha ikipoa inaachia kana kwamba hakukuwa na lolote. Mara nyingi chanzo ni mkono wa breki ulionunuliwa baada ya kuanguka, unaofanana na wa awali ila kijisehemu chake kinachosukuma pistoni ya masta kimezidi kidogo. Utikise kwa kidole: lazima uwe na nafasi kidogo ya kucheza kabla haujaanza kusukuma.

Neno "mafuta ya breki" lenyewe limeleta hasara nyingi. Si mafuta. Ni majimaji ya kemikali ambayo hunyonya unyevu wa hewani, na aina yake imeandikwa juu ya kifuniko cha kikopo, DOT 3 au DOT 4 kwa pikipiki nyingi. DOT 4 mpya haipaswi kuchemka kabla ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishanyonya maji kiwango hicho hushuka, na kipimo chake cha chini kabisa ni 155. Lakini mtu akisikia mafuta anatia mafuta: ya injini, ya gia, yaliyobaki kwenye chupa. Raba za breki hazivumilii mafuta ya aina hizo. Zinavimba, sili inapoteza ule mpindo wake wa kurudi, na hapo hakuna kusafisha kutakakosaidia, raba zote ni za kubadilishwa.

Nyuma mambo ni yaleyale, ukiongeza mnyororo: ukikazwa kupita kiasi hulifanya gurudumu kuwa gumu na breki ikasingiziwa.

Langu lilikuwa bushi. Kola yake ilielekea ndani badala ya nje. Ilikuwa imeanza kuikata sili ya vumbi, ndipo nikaelewa kwa nini gurudumu lilikosa ulaini wake hata bila kalipa. Diski ilikuwa imesogea milimita mbili hivi, na kalipa haikuifuata kwa sababu pini zake zilikuwa na kutu ya rangi ya matofali, kutu ya miaka, si ya mchana ule. Niligeuza bushi, nikasugua pini kwa msasa laini, nikapaka grisi, nikabana mkono wa breki mpaka ukawa mgumu. Kisha nikachukua rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, nikatia doa upande wa nje wa bushi na jingine kwenye mguu wa shoki unaotazamana nalo.

Mwezi uliofuata nilipita Ahero nikasimama kumsalimu yule fundi. Aliliona doa kabla sijasema neno. "Hii ni ya nini, mzee?" Nikamweleza kisa kizima, na pini zangu sikuzificha. Alicheka, akaingia kibandani, na kutoka na kopo la rangi nyeupe ya kuandikia namba za magunia.